Kilo za Mauwa

Karai likisahauliwa juu ya moto bila mafuta, chuma kikaanza kunuka chenyewe, mimi naondoka mahali hapo. Watu wa nyumbani kwangu wanajua. Wengine wanadhani ni majivuno, kwamba mwenye nyumba ya matofali na madirisha ya vioo sasa anachagua hata harufu. Wacha wadhani. Majivuno ninayo, sikatai, nimeyatolea jasho. Shule niliiacha mwaka wa tatu wa msingi, na leo hakuna mnunuzi wa dhahabu katika mji wote wa Baraka asiyenijua. Niwekee punje kwenye kiganja, nitakwambia uzito wake kabla hujatoa mizani, na mizani yako itakuja kukubaliana na mimi. Wenye diplome wananiita Patron, bosi wao. Lakini harufu ile inanishinda.

Mwezi uliopita ilinikuta barazani. Binti yangu Neema alikuwa amekuja vakansi kutoka inivasite, chuo kikuu cha Bukavu. Ni wa kwanza katika ukoo wetu kufika huko, na nyuma yake niko mimi, sihitaji kulisema mara mbili. Alikuwa amekaa na simu yake, akaniangalia kwa macho ya mtu anayetaka kumshinda mzazi wake.

"Papa, unajua zahabu yako inatoka wapi?"

"Unaniuliza mi? Inatoka ku mulima."

"Na mbele ya mulima, zamani kabisa?"

"Mbele ya mulima kulikuwa mulima."

Akacheka, akaanza somo. Nyota kubwa ikifa, alisema, inajikunja ndani yake mpaka inakuwa kitu kidogo chenye uzito wa kutisha. Kijiko kimoja chake kinashinda mlima mzima. Wakati mwingine nyota mbili za namna hiyo, zote maiti, zinazungukana kama watu wanaotaka kupigana, miaka ambayo hakuna anayeweza kuihesabu, zinakaribiana, mwishoni zinagongana na kulipuka. Katika mlipuko ule vitu vizito vinapikwa na kutawanywa gizani. Dhahabu ni kimojawapo. Ilizurura huko juu mpaka ikaingia katika udongo wa dunia, wakati dunia yenyewe ilikuwa bado inakandwa. Wasomi bado wanabishana kama dhahabu yote imetoka kwa njia hiyo au sehemu tu, lakini mgongano mmoja wameuona kwa vyombo vyao.

"Babu yako aliniambia hayo kabla wewe haujazaliwa," nikamwambia. "Bachimbaji banaita zahabu mavi ya nyota."

Alicheka mpaka simu ikamponyoka. Mimi nikamuuliza habari ya zebaki yetu ya kazi, "Na merkire?"

"Nayo vilevile, Papa. Kwenye liste ya vitu vyote, zahabu na merkire ni majirani. Mulango kwa mulango."

Hapo ndipo karai lilipoanza kunuka jikoni, msichana wa kazi alikuwa amelisahau. Nikasimama, nikatoka mpaka barabarani, na huko barabarani, kati ya pikipiki na bamama wa mihogo, nikamwona, kwa macho ya kumbukumbu, mdogo wangu Mauwa, bado mtoto mchanga.

Utotoni mwangu tulikuwa tunakaa Lweba, kijiji cha kando ya ziwa, katika nyumba ya udongo upande wa mlima. Majirani wengi walikuwa watu wa nyavu au watu wa mashamba. Baba yangu alikuwa mtu wa shimo. Alipanda milimani wiki mbili, wiki tatu, akashuka na mchanga mweusi ndani ya kipande cha nailoni, amekifunga kiunoni chini ya shati. Kule juu hakuunguza dhahabu, kwa sababu anayeunguza mbele ya wenzake amewaonyesha amepata kiasi gani, na njia ya kurudi nyumbani ni ndefu. Kuunguza ilikuwa kazi ya mama, nyumbani, mlango umefungwa, dirisha limezibwa na gunia, na kitambaa kimesokotwa chini ya mlango ili jirani asiulize moshi huu ni wa chakula gani saa hizi. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya nyumba: siku ya kuunguza, hakuna anayeingia.

Nilijua kila hatua. Mama alimwaga mchanga kwenye sahani, akadondoshea merkire kutoka kichupa cha dawa ambacho mtu wa ng'ambo ya ziwa alikuwa amemletea baba. Merkire ndiyo zebaki ya kwenye vitabu, yale maji mazito yenye kung'aa, yanayokimbia kama yana miguu na hayalowanishi kidole. Nilipenda kukishika kichupa kile. Kilikuwa kifupi kama dole gumba, lakini mkono ulishuka. Mama alikanda, merkire ikanywa dhahabu yote iliyokuwa mchangani, akakamua kwa kipande cha kitenge, kikabaki kidonge cheupe. Kisha ikaja mizani ya baba, vifuniko viwili vya chupa, uzi na kijiti. Kidonge upande huu, upande wa pili njiti za kiberiti, maana ndizo mawe ya mizani ya mchimbaji mdogo. Baba alihesabu kwa sauti ya chini. Baada ya hapo kidonge kwenye karai, karai kwenye makaa. Weupe uliondoka polepole, na umanjano ukachungulia chini yake. Kikipoa, mizani tena.

Na kila mara njiti zilikuwa zimepungua.

Jambo hilo liliniuma kama wizi. Siku moja nikasema, "Papa, zilikuwa kumi na mbili. Sasa iko sita. Kilo ingine imeenda wapi?"

"Imeenda na moshi."

"Moshi inaenda wapi?"

Baba alikuwa mtu wa utani. Alinyoosha kidole kwenye majani ya paa. "Kwao, ku banyota. Zahabu ni mavi ya nyota, mwana wangu. Nyota inakuya kuchukua kilo yake, inatuachia sisi mavi."

"Acha kumujaza mutoto uchafu," mama akasema.

Lakini nilikuwa nimeshajazwa. Nilielewa hivi: uzito, kilo kama tunavyouita, ni kitu, kama chumvi au sukari. Unakaa ndani ya kidonge, ukipata moto unatoka, unapanda na moshi, unapotea bure huko juu wakati hapa chini kuna watu wanauhitaji.

Aliyeuhitaji alikuwa Mauwa. Alizaliwa kabla ya wakati wake. Nilikuwa sina meno ya mbele, bado hayajarudi, na niliweza kumbeba kwa mkono mmoja. Kila mwezi mama alimpeleka sentre ya afya kupimwa, na mimi niliwafuata. Waliwaning'iniza watoto kwenye ndoano ya mizani, ndani ya suruali ya kitambaa, na mshale ukasema. Muganga, yaani daktari wa pale, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alitangaza kilo kwa sauti kubwa, na kila mama akaondoka na sauti hiyo kama taji. Kwa Mauwa alishusha sauti.

"Mama Mauwa, mushale umekataa. Mwezi wa tatu huu."

"Ananyonya, muganga."

"Ananyonya nini? Maziwa iko?"

Mama akaanza kumvua Mauwa ile suruali ya kitambaa. Nyuma yetu mmoja wa bamama akamwambia mwenzake, bila kujificha, "Ule ni mutoto ao ni ndakala ya kuanika?" Ndakala ndiyo dagaa. Wakacheka wote wawili. Muganga hakucheka. Aliinama, akasema maneno ambayo nayasikia mpaka leo: "Sitakudanganya, mama. Mutoto huyu anataka kilo. Asipopata kilo, atakuponyoka."

Njia nzima ya kurudi mama alitembea upesi, amemkumbatia Mauwa kifuani. Mimi nyuma yake nilikuwa nafurahi, Mungu anisamehe, kwa sababu nilijua kilo zilipo.

Mlango wa pili kutoka kwetu alikaa Mama Yohana. Alikuwa mkimbizi kutoka Burundi, mama wa shamba, mwenye mbuzi mmoja tu na sauti ya kuimba hata anapoomba chumvi. Sijui nani alimwambia habari ya mshale. Kesho yake asubuhi alikuja na kikombe kimefunikwa na sahani.

"Mama Mauwa, chemusha kwanza, halafu umupe kidogokidogo. Mbuzi yangu amesema hii ni ya mutoto, si ya bakubwa."

"Nitakurudishia na nini?"

"Nani amekuuliza? Lete nimwone mwana wanje," yaani mwana wangu, kwa lugha ya kwao.

Alikuja hivyo kila asubuhi. Nilikiona kikombe, na sikukiweka maanani. Nilikuwa nimeangalia maziwa yakichemka: yanapanda, yanaruka nje ya sufuria. Kitu chepesi namna hiyo kitampa nani uzito?

Siku ya kuunguza ikafika. Baba alikuwa amerudi milimani, akamwachia mama kidonge kidogo. Mlango umefungwa, karai limeanza kunuka chuma, mara nje mtu akapiga hodi. Ilikuwa sauti ya mwalimu wa dini, na mtu wa namna hiyo humwambii arudi. Mama akajipenyeza nje upesi, akaufunga mlango nyuma yake, akamkalisha uani ili asije akaomba kiti cha ndani. Aliniambia tu, "Kaa na mudogo wako. Usifungue, hata nani akisema."

Mtoto wa kwetu yeyote amefukizwa. Ukiwa na homa, mama anachemsha majani, anakufunika blanketi wewe na sufuria pamoja, unavuta mvuke mpaka jasho likutoke. Nilimwinua Mauwa kutoka kwenye mkeka, nikachuchumaa naye mbele ya makaa, nikatufunika wote wawili kwa kitenge cha mama, na karai likawa katikati.

"Vuta, mudogo," nikamwambia. "Vuta kilo."

Alipiga chafya, akacheka. Niliposikia mwalimu wa dini anaaga, nikamrudisha mkekani.

Na mshale ulipanda. Sisemi uongo, ulipanda. Mwezi ulipotimia, muganga alimning'iniza, akaondoa miwani, akaifuta, akairudisha.

"Mama! Unamukulisha mawe huyu?"

Mama akacheka, meno yote nje. Mama Yohana, aliyekuwa amekuja na mtoto wake mwenyewe kupimwa, alipiga vigelegele mpaka watu wa barabarani wakachungulia. Bamama waliosema ndakala wakajishughulisha na nguo za watoto wao. Mimi nilisimama pembeni, kifua kimenijaa, nikiwaangalia wote na kuwahurumia kwa kutojua. Nimejisifu mara nyingi maishani, kwa nyumba, kwa mtumbwi wa mota, kwa mtoto wa inivasite. Sifa ya kwanza ilikuwa ile, na sikuweza kumwambia mtu, kwa sababu ya sheria ya mlango.

Wiki chache baadaye baba alishuka na mchanga ambao hajawahi kuupata. Kidonge kilitoka kikubwa kama jicho la mbuzi. Baba akakaa nje mbele ya mlango, akiongea kwa sauti na kila anayepita, huo ulikuwa ulinzi wake. Ndani, mama aliweka karai kwenye makaa, na baada ya muda akashika kichwa. Kila siku ya kuunguza kichwa kilimuuma. Tulisema ni joto la moto. Aliniambia niangalie karai, akatoka kwa mlango wa nyuma kutapika.

Mimi nilimchukua Mauwa. Safari hii hakuna aliyekuwa ananiharakisha. Niliweka kitenge, nikakunja pindo zote chini ya magoti ili kusipotee hata kidogo, nikakaa. Alianza kulia, nikambembeleza. Alikohoa, nikamwambia ni kilo zinatafuta mahali. Mdomoni mwangu kulikuwa na ladha kama nimelamba sarafu. Nilitoka pale tu niliposikia mama anasukutua kinywa uani. Karai lilikuwa limebaki na kipande cha njano tupu, kizuri, cha kung'aa, na baba alipokipima alipiga makofi.

Asubuhi Mauwa alikuwa na homa, na pumzi yake ilikuwa inakwama kama mtu anayevuta kamba. Mimi pia nilikohoa, lakini hakuna aliyeniangalia. Muganga alisema ni mapafu, akampiga sindano. Mama alikaa naye kifuani siku mbili bila kulala. Mama Yohana aliendelea kuleta kikombe, na mtoto hakuweza tena kumeza. Siku ya tatu, jua likiwa katikati, mama alianza kulia kwa ile sauti ambayo ukiisikia huulizi kitu.

Wakatengeneza kisanduku kwa mbao za sanduku la sabuni. Mjomba mmoja alikichukua chini ya kwapa kwenda kuzika. Mimi nilitembea karibu naye, macho kwenye mkono wake. Nilikuwa nangoja mkono ule ushuke, kwa zile kilo zote nilizompa. Haukushuka. Alikibeba kama mtu abebavyo gazeti.

Nilielewa, kwa akili yangu ya wakati ule, kwamba nimezidisha, na nyota imekuja yenyewe kuchukua mali yake. Niliogopa kulala nje ya paa mwaka mzima. Lakini kilioni watu wazima walikuwa wanaelewa kitu kingine. Shangazi zangu walikaa pamoja, na maneno yakaanza chini, yakapanda.

"Mutoto alikuwa anapanda kilo. Halafu anakufa tu hivi?"

"Nani alikuwa anakuya na kikombe?"

"Kila asubui. Hata siku ya mwisho."

Kwetu kuna sumu inayosemwa sana, wanaiita karuho. Inatiwa katika chakula au kinywaji, na anayekupa anakuwa anatabasamu. Mara neno hilo lilipotajwa, hakuna aliyehitaji lingine. Mama Yohana akatokea muda uleule, na unga wa msiba kichwani. Mama alisimama. Alikuwa hajasimama tangu mazishi.

"Ulimupa nini mutoto wangu?"

"Maziwa, mama. Si ulichemusha wewe mwenyewe?"

"Ulimupa nini?"

"Mungu ananiona, mama..."

Mama alimtemea mate usoni. Unga ukamwagika. Vijana wakaenda kwake, wakatupa nje vyungu vyake, na kabla ya jioni alikuwa kwenye njia ya kwenda Swima, mtoto mgongoni, wawili mkononi, bila kugeuka. Mbuzi walimbakiza. Walimchinja, wakamgawa kwa wenye msiba. Na mimi nilipewa kipande, nikakila. Kilikuwa kitamu. Sikusema kitu siku ile kwa sababu ya mlango, kesho yake kwa sababu ya woga, na baadaye sana kwa sababu nilikuwa nimekuwa Patron, na Patron hana hadithi kama hizo. Nilisikia watu wakisema merkire ni mbaya kwa kifua, nikabadilisha mazungumzo. Kwangu mimi hakuna anayeunguza ndani ya nyumba. Wakiniuliza, nawaambia ni hofu ya moto. Binti yangu alipozaliwa mama aliomba tumpe jina la Mauwa, nikakataa, nikasema majina ya kizamani yamekwisha.

Niliporudi barazani siku ile, harufu ilikuwa imeisha. Nikamuuliza Neema, kama mtu anayeuliza bei ya mafuta, ule moshi mweupe wa merkire unaenda wapi.

Aliweka simu chini. "Ile moshi ni merkire yenyewe, Papa. Haiendi ku nyota. Inaingia mu mapafu, mu damu. Mutu mukubwa inamuharibu polepole. Mutoto mudogo..." Akaniangalia. "Juu ya nini unauliza?"

"Mambo ya kazi," nikasema.

Asubuhi nikaenda kwa mama. Anakaa katika chumba nilichomjengea mwenyewe, kwenye kiwanja changu, godoro nene, paa la mabati. Mikono yake inatetemeka miaka mingi sasa. Kikombe cha chai anashikiwa na mtu. Sisi tunasema ni uzee. Nilifunga mlango, nikapiga magoti, mimi na tumbo langu hili, nikamwambia yote, kitenge, karai, mara ya kwanza na mara ya pili. Sikuacha kitu.

Alinisikiliza bila kunikata. Halafu akauliza, "Meno yako ya mbele ilikuwa imesharudi?"

"Bado, mama."

"Basi ulikuwa mutoto."

Aliweka mkono wake kichwani mwangu, ukitetemeka juu ya nywele. Nilihisi mzigo wa miaka unashuka, nikataka kulia, nikadhani yamekwisha. Kisha mkono ukatoka.

"Na ule mama?"

"Mama gani?" nikasema, na nilijua.

"Mama Yohana. Nilimutemea mate mbele ya batu bote." Alijaribu kuishika mikono yake, mmoja kwa mwingine, ikakataa. "Usingizi ikinikataa, unajua nafanyaka nini? Namulaani yule mama. Namulaani jina yake, na batoto bake, na kule alikoendaka. Halafu moyo inatulia, nasinzia. Tangu ile siku. Tangu ile siku, mwana wangu."

Nje watu wangu wa kazi walikuwa wananiita, mnunuzi amefika.

"Sasa nitamulaani nani?" mama akasema.

Aliniangalia. Nilibaki chini, kwenye magoti, nikingoja ajijibu.